Jumatano ya Yona

Bombo, Same
9 Oktoba 2023

Mdogo wangu Zebedayo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyavu zako nzima. Sisi huku tunaendelea, maana yake tunaamka. Goti langu la kushoto limegoma kupanda mlima na la kulia linafikiria kumuunga mkono mwenzake. Tangawizi mwaka huu imekubali. Agape ameng'oka jino la mbele na amekataa katakata tusilirushe juu ya bati. Amelificha kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, anasema mpaka baba yake alione kwanza.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka, na ya mwanangu Yona haipatikani kabisa. Hata ungepokea, mtandao unajua mwenyewe uko wapi, pale uwanjani kwa kanisa. Ukisimama pale na simu sikioni, nusu ya kijiji inapata shughuli karibu yako. Haya ninayotaka kusema si ya uwanjani. Hamidu anayeshusha tangawizi Same ameahidi kuikabidhi kwa wachuuzi wa samaki wanaorudi huko kwenu, bwawa la Nyumba ya Mungu.

Jikoni kwangu kuna maji. Tuko Oktoba, Zebedayo, mvua haijadondosha hata tone, na mafiga yangu yamekaa kwenye udongo mbichi. Nikiondoa majivu asubuhi, chini yake pameloa. Juzi chura ametoka nyuma ya mtungi akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Nimemfukuza, jioni amerudi na mwenzake.

Maji hayo yanatoka kwenye ndiva. Unakumbuka bwawa lile lilivyokuwa tulipokuwa watoto. Usiku mto unalijaza, alfajiri mwenye zamu anapanda kuzibua, jioni limebaki tope na vibuyu vya watoto. Halikuwahi kulala na maji ya jana, isipokuwa Jumapili kwa ajili ya ibada. Sasa Jumanne ni ya akina Respicius, nao wako Dar es Salaam. Jumatano ni ya Yona. Alhamisi ni yako. Siku zote hizo hakuna anayezibua, maana kuzibua siku ya mtu ni kumwibia maji, na kumwibia aliye safarini ni aibu zaidi. Watu wanapita kando ya tuta wanasema kwa upole, leo ni ya Yona, wanakwenda zao. Wanawaheshimu. Ndiva inajaa Jumanne na haipungui mpaka Ijumaa jirani yangu Jenoveva aamke azibue siku yake.

Na tuta lenyewe hakuna anayelishindilia. Baragumu la msaragambo, la kazi ya kijiji kizima, likipulizwa tunatokea wanawake wenye magoti kama yangu, na mzee Sifael mwenyekiti wa ndiva. Vijana wako kwenye kundi la WhatsApp. Tangazo la kazi likitumwa wanajibu kwa dole gumba kutoka Arusha.

Naomba kitu kidogo. Niandikie kwamba Alhamisi yako naweza kuzibua mimi, na Yona aandike hivyo hivyo kuhusu Jumatano yake. Sifael anasema siku moja ya kujaa tuta linaivumilia. Mfululizo, hajui.

Msalimie Yona. Mwambie mimi mwanawe nimenuna. Baba gani anakaa miezi bila kumjulia hali mtoto wake?

Ni mimi dada yako,
Koleta


Nyumba ya Mungu
2 Novemba 2023

Dada yangu Koleta,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka tangawizi na samaki kwa pamoja, nikajua imesafiri vizuri. Mimi mzima. Perege wamekuwa wadogo siku hizi, unavuta wavu unaona aibu kwa niaba yao. Bei ya mafuta ya injini sitaki kuisema, utasema nalalamika kama kawaida yangu. Pole sana kwa goti. Jaribu kulichua na mafuta ya moto.

Kuhusu Alhamisi, dada, ulikuwa na haja gani ya kuomba? Mimi Zebedayo, kwa kinywa changu na mkono wangu, naiachia Alhamisi kwako, uzibue maji umpe unayemtaka. Msomee Sifael mstari huo. Nilikunywa maji ya ndiva ile kwa kiapo nilipoipokea siku hiyo, na nasema hivi nikiwa na akili zangu.

Simu yangu inasumbua, betri imevimba. Ya Yona ilidondoka majini. Yeye yuko kambi ya ng'ambo, upande wa pili wa bwawa, wanakaa huko muda mrefu ndiyo maana hatuonani sana. Anasema shikamoo mama, na kwamba anakukumbuka sana, na umbusu Agape. Nafikiri Krismasi tutapanda wote.

Chura hana neno. Bibi alikuwa akisema chura jikoni ni baraka, au nimechanganya na nyuki.

Nakuombea heri,
Zebedayo


Bombo
20 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Umechanganya na nyuki.

Tunashukuru, tuko salama. Jenoveva amepata mjukuu, wa kiume, kichwa kikubwa kama cha babu yake. Mchungaji mpya ameanza kazi na anahubiri kwa kifupi, watu wanamsifu kwa hilo kuliko maneno yenyewe. Alhamisi yako nimeisoma mbele ya Sifael na wazee wengine wawili, wakaitikia, na kesho yake alfajiri nilipanda mwenyewe nikazibua. Ilinichukua muda kufika, lakini maji yalipotoka kwa kishindo kile, Zebedayo, nilijisikia msichana. Niliyapeleka kwa Jenoveva kwenye maharage. Asante sana.

Sasa nikuambie ukweli. Vuli hii si ya kawaida. Inanyesha kama imetumwa. Jumanne na Jumatano ndiva inafura mpaka maji yanalamba ukingo, na tuta linatoka jasho upande wetu. Nimeweka kiganja changu pale juu ya choo cha zamani, kikarudi kimelowa. Jikoni siwashi tena moto, nimehamishia mafiga barazani. Maji yanayopita chini ya ukuta bado ni maangavu, ungeweza kuyanywa. Sifael alikuja kuyatazama, akainama, akayachota, akanionyesha. Akasema, "Hili ni jasho tu, Koleta. Siku yakija na tope, hilo ni tuta lenyewe linahama. Usichukue hata sufuria." Kisha akaomba chai. Nilimmiminia mpaka ikamwagika sahanini, na yeye akajifanya haoni.

Respicius tumempata kwa simu ya mchungaji. Anasema Jumanne ya baba yake haitoi, watoto wake watarudi siku moja kujenga. Watoto wenyewe hawajui hata ndiva ina rangi gani. Basi, Jumanne ibaki. Ikizibuliwa Jumatano, tuta litapumua na mimi nitalala.

Kwa hiyo ni Yona tu. Alhamisi yako umeitoa kwa mistari miwili. Jumatano ya mwanangu ulisahau kuiandika, au ilikuwaje? Salamu zake nimezipokea. Nimezisoma na kuzirudia. Alisema hivyo hivyo ulivyoandika?

Tunawangoja Krismasi. Agape ameanza kufagia njia.

Koleta


Nyumba ya Mungu
28 Desemba 2023

Dada,

Shikamoo, na heri ya sikukuu iliyopita. Najua mlitungoja, na najua utakuwa umeninunia. Kazi zimebana, halafu injini ikakataa, halafu barabara. Nisamehe. Nimemtuma mchuuzi na furushi. Humo kuna perege waliokaushwa vizuri, kitenge chako, na viatu vya Agape. Viatu ni kutoka kwa baba yake. Alivichagua mwenyewe.

Huku tumefunga mwaka salama. Mvua imepandisha maji mpaka vibanda vya chini vimehama. Usiku viboko wanapiga kelele sana. Mimi siku hizi siendi majini kwa wingi, nakaa nchi kavu nauza walichovua wengine. Mgongo.

Kuhusu Jumatano, nimelifikiria sana, dada. Neno la maji hutoka kinywani mwa mwenyewe. Mimi siwezi kulisema kwa niaba yake. Ningeweza kukuandikia chochote kingine unachotaka. Hilo siwezi. Unajua tuliapishwa vipi pale tutani, na baba alitupa maji tukayanywa akitutazama. Mngoje Yona, au muombe Sifael afanye ubinadamu tu, hali ya hewa yenyewe anaiona.

Kama unaogopa, nenda ukalale kwa Jenoveva kwa muda. Wala si aibu.

Zebedayo


Bombo
12 Februari 2024

Zebedayo,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo kwa jinsi ya watu wanaolala na nguo za kutokea. Furushi limefika. Samaki ni wazuri, tumegawa kwa majirani. Kitenge nimekiweka. Viatu havimwingii Agape. Ni vya mtoto wa miaka mitatu, na yeye ana sita. Alikaa navyo mapajani, akaniambia, "Bibi, baba amenisahau ukubwa." Nilimjibu kwamba duka lilikosea. Nimekuwa hodari wa kujibu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nangoja, nikidhani kila gari la Hamidu litashusha mtu. Sasa sikiliza hali ilivyo. Mafiga matatu niliyoyaacha jikoni yamezama, linaonekana moja tu. Mlango wa nyuma haufungiki, ukuta umelegea. Jumatano mchana, kila mtu akiwa shambani na kimya kimetulia, nikiweka sikio ukutani nasikia maji yanapita ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani na hataki kuamsha watu. Naogopa, mdogo wangu. Sijawahi kuandika neno hilo tangu nijue kuandika. Agape nimemfundisha akisikia naita jina lake asiulize, akimbie kuelekea kanisani na asigeuke kunitazama.

Unasema nilale kwa Jenoveva. Agape analala kwa Jenoveva Jumanne na Jumatano, hilo nimefanya. Mimi siwezi. Yona akifika atautafuta mlango huu, na akiukuta umefungwa atadhani hana kwao. Sema mimi ni mjinga. Nimeshasemwa.

Kuhusu Sifael kufanya ubinadamu, nimemlilia. Yeye mwenyewe ana kovu la panga begani, unalijua, la mwaka ule watu walipozibuliana maji. Ananiambia kwamba akivunja hili mara moja kwa huruma, mwakani watu watavunjana vichwa kwa tamaa. Kuna njia mbili tu za kuifungua siku ya mtu, anasema. Ya kwanza ni neno lake. Ya pili sitaiandika.

Nakuomba kitu kimoja. Yona aandike jina lake tu kwenye karatasi. Si lazima aeleze. Herufi nne. Mkono wake naujua, ile Y anavyoivuta mkia. Kama yuko ng'ambo, mtumie mtu na karatasi. Kama ameoa huko, sijali. Kama amefungwa, sijali. Kama amenikasirikia kwa lolote, aandike matusi na chini yake aweke jina.

Wewe ambaye simu ilikuwa haishuki sikioni, sasa unapenda barua. Nami nimeanza kuelewa sababu, na nisingependa kuelewa.

Koleta


Nyumba ya Mungu
19 Machi 2024

Dada Koleta,

Shikamoo.

Redio inasema masika itakuwa kubwa. Hameni kwenye nyumba ile. Chukua Agape, chukua picha ya baba na mama, hameni leo. Vyombo nitawanunulia vingine.

Usiungoje mlango. Usingoje neno la Yona.

Nitapanda. Sijui lini, ila nitapanda. Kila nikifunga mzigo nafika stendi nageuka.

Mdogo wako


Bombo
18 Aprili 2024

Zebedayo,

Marahaba.

Barua yako ilikaa Same kwa sababu barabara ya kupandia ilikatika, nimeipata wiki hii. Nakujulisha kwamba mimi na Agape ni wazima. Nyumba imesimama, jiko limeanguka. Jenoveva anakusalimu. Mchungaji yupo hapa uani, na Sifael yupo, na watu wengine wengi, nimewaomba waniache niandike kwanza.

Juzi Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri haikupumzika. Saa ya chakula cha mchana nilikwenda jikoni kuchukua mwiko, nikayaona maji yamebadilika. Yalikuwa yanakuja mekundu, na vijiwe ndani yake. Sikuchukua sufuria. Sikuchukua na mwiko. Nilikwenda kwa Sifael na goti langu hili nikiwa sina habari nalo, nikamkuta anakula, nikamwambia tuta linahama. Akasimama na tonge mkononi. Akasema Jumanne ni ya Respicius. Nikamwambia najua ni ya Respicius, nami nitalipa mbuzi wa faini, zibua. Akasema hata tukizibua sasa haitoshi, mvua hii usiku itaijaza tena, inatakiwa ibaki wazi mpaka kesho kutwa. Yaani siku nzima ya Jumatano. Akanitazama. Hakuniuliza. Ni mtu mzima, Sifael, alijua tangu zamani ninachokikwepa, na alikuwa ananingoja kama watu wote wa hapa walivyoningoja.

Jumanne walizibua kidogo, kwa hofu, faini nimeikubali. Usiku ule tulilala kanisani. Jana Jumatano alfajiri nilipanda tutani. Sikumwita mtu, lakini walikuja. Sifael akauliza kama desturi inavyotaka, "Mwenye siku ya leo yuko wapi?" Huwa tunaitikia yuko safarini. Miaka yote hii tumeitikia hivyo.

Nikasema mwenye siku hii amefariki.

Nilisema hivyo mbele ya watu, Zebedayo, bila kaburi, bila barua, bila mtu yeyote kuniambia. Nikangoja mmoja wenu, wewe au yeye, apige kelele kwamba ninasema uongo. Ndege walikuwa wanaimba tu.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza, ila nilikataa kujua. Yona hajawahi kunisalimia shikamoo mama. Tangu aanze kusema, kwa vile amebeba jina la baba yetu, mimi ni mwanawe. Angekuambia, mwulize mwanangu Koleta kama amekula. Wewe umesikia mara ngapi? Ulitunga salamu ukasahau mzaha wetu. Nikajisemea labda amekua, ameacha utoto. Halafu vikaja viatu. Halafu Jumatano. Ungeweza kunidanganya, mdogo wangu. Ungeandika tu, Yona amekubali, zibueni, nami ningezibua na kuendelea kufagia njia. Umenidanganya salamu, umenidanganya zawadi, ila juu ya maji ulishindwa. Uliogopa kumsemea. Mtu hamwogopi hivyo aliye kambi ya ng'ambo.

Nilizibua mwenyewe. Kizibo kilikuwa kizito, Jenoveva akanishika kiuno nisiende nacho. Maji ya siku ya kutangaza msiba, unajua, hayapelekwi shambani kwa mtu, tuliyaachia yateremke mtoni. Yalipopungua tukaliona tuta kwa upande wa ndani. Pana ufa. Sifael aliingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akauficha kwenye koti. Jenoveva aliketi chini kwenye tope. Ufa unaelekea moja kwa moja kwenye chumba changu, dirisha la kichwani kwangu. Tumepuliza baragumu la msaragambo jana hiyo hiyo na wamekuja hata wasiotarajiwa, wengine wamepanda kutoka Kihurio kwa miguu. Wanashindilia udongo ninapoandika, nawasikia.

Agape nilimwambia mimi mwenyewe. Alikwenda akachukua kopo lake, akatoa jino akalirusha juu ya bati la kanisa. Hakulia. Analia leo.

Kama nimekosea niambie. Kama yu hai, nimemwua kwa kinywa changu mbele ya kijiji kizima, na nitaomba radhi, nitachinja, nitacheka mpaka watu wanione mwendawazimu. Nimeomba usiku kucha niwe nimekosea. Lakini wewe mwenyewe umeandika nisingoje neno lake, na salamu zake safari hii hukuleta.

Sikuulizi ilikuwaje. Sikuulizi wewe ulikuwa wapi, wala kwa nini siku hizi huendi majini. Hayo utayabeba mpaka utakapochoka, na ukichoka nipo. Nakuuliza moja tu, nalo huwezi kulijibu kwa karatasi. Bwawa lenu lilimrudisha? Kuna mahali mmemlaza, na mti, au jiwe, au lolote la kuonyesha mkono na kusema ni hapa?

Watu wametandika mikeka uani. Wamekuja kunilia mwanangu na hawajui waanzie wapi, wananitazama kila ninapoinua uso. Hamidu anashuka sasa hivi na barua hii. Panda, Zebedayo. Ukifika stendi usigeuke. Usilete samaki.

Mwana wa Yona,
Koleta